Karatasi ya Talaka Iko Wapi? Somo la Kikundi Juu ya Kutafuta na Kuomba Nakala



Katika masomo yaliyopita tumejifunza kutunza daftari la mchango, hati ya shamba, kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kuna karatasi moja ambayo hatupendi kuitaja kikundini. Hiyo ni karatasi ya talaka.

Msishangae kuona gazeti la kanisa likizungumza juu ya jambo hili. Hatusemi kwamba talaka ni kitu chema. Sote tunajua ni kidonda. Lakini kidonda kikishapona hubaki kovu, na kovu hili lina karatasi yake. Karatasi hiyo ikikosekana, mtu anaweza kupoteza nyumba, shamba, malipo ya uzeeni au nafasi ya kufunga ndoa nyingine. Kwa hivyo leo tujifunze mahali inapokaa na namna ya kuiomba.

MFANO: MAMA ALIYEAMBIWA "WEWE SI MJANE"

Hebu tuchukue mfano. Mama mmoja aliolewa kimila mwaka 1976. Ng'ombe walitolewa, wakazaa watoto watatu, kisha mambo yakaharibika. Walikwenda kwa wazee, wakashindwa. Mwishowe walifika kwa hakimu wa wilaya, naye akatoa talaka. Mwaka 1994 mama huyu akaolewa tena, mara hii bomani kwa DC. Alikaa na mume huyo wa pili karibu miaka thelathini, wakajenga nyumba ya mabati na kupanda majani chai.

Mume wa pili alifariki mwaka 2023. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji akasimama mbele ya watu akasema: "Huyu mama hakuwahi kuachwa na yule bwana wake wa kwanza. Kwa hivyo ndoa ya hapa si ndoa, na yeye si mjane wa ndugu yangu."

Mama akaenda kwa chifu kuomba barua ya kupeleka kortini kwa ajili ya urithi. Chifu akamwambia kwa upole, "Mama, mimi nakuamini. Lakini ili niandike jina lako kama mke, na huyu anapinga, niletee karatasi ya talaka."

Karatasi? Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao katika nyumba ya zamani. Mchwa walikula sanduku, wakala na karatasi.

Je, mama huyu amepotea? Hapana. Karatasi iliyoliwa na mchwa ilikuwa nakala yake tu. Kumbukumbu yenyewe ilibaki kortini. Kazi ni kuitafuta.

JAMBO LA KWANZA LA KUKUMBUKA

Watu wengi hufikiri kwamba mahali panapotunzwa cheti cha ndoa ndipo panapotunzwa talaka. Si hivyo. Tafadhali andikeni jambo hili katika daftari la kikundi:

Ndoa hutunzwa na aliyeiandikisha. Talaka hutunzwa na aliyeitoa.

Cheti cha ndoa utakiomba kwa Msajili wa Ndoa, ambaye yuko chini ya Mwanasheria Mkuu. Afisi yake kubwa iko Sheria House, Nairobi, na ana matawi katika miji mingine. Lakini talaka hutolewa na korti, na faili yake hukaa katika masjala ya korti hiyo. Masjala ni ile afisi ya makarani inayotunza faili za kesi. Kwa hivyo ukienda Sheria House kuuliza faili ya kesi iliyosikizwa Nyeri au Kisii, utapoteza nauli yako bure.

Swali la kujiuliza basi si "nilifunga ndoa wapi?" bali ni "nani alivunja ndoa hii, wapi, na mwaka gani?"

NI KORTI GANI?

Mwaka 2014 Kenya ilipata Sheria moja ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei mwaka huo. Sheria hii iliweka pamoja ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kabla ya hapo kila aina ilikuwa na sheria yake. Ndiyo sababu faili za zamani zimetawanyika. Angalieni hivi:

1. Talaka iliyotolewa baada ya Mei 2014. Kwa ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila au ya Kihindu, tafuta kwanza katika korti ya hakimu mahali kesi ilipofunguliwa. Tangu sheria hii, hata ndoa ya kimila huvunjwa kortini. Wazee wanaweza kuwapatanisha mume na mke, na aliyewasikiza huandikia korti ripoti, lakini wazee peke yao hawatoi talaka ya kisheria.

2. Ndoa ya bomani iliyovunjwa kabla ya 2014. Kwa kawaida kesi hizi zilisikizwa na Mahakama Kuu. Zamani Mahakama Kuu ilikuwa katika miji michache tu. Kwa hivyo faili ya mtu wa mashambani huenda iko Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru, hata kama leo kaunti yake ina Mahakama Kuu.

3. Ndoa ya kanisa ya Waafrika Wakristo kabla ya 2014. Ndoa hizi zilikuwa na sheria yake ya mwaka 1931. Kesi ya talaka iliweza kusikizwa na hakimu au na Mahakama Kuu. Uliza kote kuwili.

4. Ndoa ya kimila iliyovunjwa kati ya 1967 na 2014. Tafuta katika korti ya hakimu wa wilaya. Korti nyingi ndogo za wakati huo zilifungwa au ziliunganishwa na korti kubwa. Faili zikahamishwa. Ukikuta jengo sasa ni ghala la mahindi, usikate tamaa. Nenda korti kubwa iliyo karibu uulize, "Faili za korti ile zilipelekwa wapi?"

5. Ndoa ya kimila iliyovunjwa kabla ya 1967. Wakati huo kulikuwa na Korti za Waafrika, na kabla yake mabaraza ya wenyeji. Sheria ya Korti za Mahakimu ya mwaka 1967 ilimaliza mpango huo. Baadhi ya madaftari ya korti hizo yamehifadhiwa na Idara ya Nyaraka za Taifa, ambayo jengo lake liko Moi Avenue, Nairobi.

6. Ndoa ya Kiislamu. Nenda korti ya Kadhi. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu katika nchi hii ilianza mwaka 1906, kwa hivyo hasa pwani kuna madaftari ya zamani sana. Sheria ya 2014 inataka Kadhi, sheikh au imamu anayetoa talaka apeleke nakala kwa Msajili wa Ndoa. Hapa basi una milango miwili ya kubisha.

Na je, barua ya kanisa? Barua ya kasisi au uamuzi wa baraza la kanisa una maana yake ndani ya kanisa. Lakini si talaka mbele ya serikali. Hata hivyo usiitupe. Kitabu cha ndoa cha parokia kinaweza kukupa tarehe, majina kamili na nambari ya cheti, na hayo yatakusaidia sana masjala.

SAFARI MBILI ZA MASJALA

Sasa turudi kwa mama yetu. Safari ya kwanza ilikuwa hivi:

Mama: Hodi, bwana karani. Natafuta karatasi yangu ya talaka.
Karani: Karibu, mama. Nambari ya kesi ni ngapi?
Mama: Nambari sina, kijana wangu. Ni zamani.
Karani: Mwaka gani?
Mama: Ule mwaka mtoto wangu wa tatu alianza shule.
Karani: Pole, mama. Hapa kuna maelfu ya faili. Nitaanzia wapi?

Mama akarudi nyumbani bila kitu. Lakini katika kikundi kulikuwa na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne. Wakakaa chini wakaandika kila kitu mama anachokumbuka. Mtoto wa tatu alizaliwa lini? Kadi ya kliniki inasema 1983. Alianza darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Kwa hivyo ni 1989. Talaka ilitoka mwaka huo? Hapana, mama akakumbuka walizungushwa kortini muda mrefu. Talaka ilitoka baada ya mavuno ya 1991. Safari ya pili ikawa hivi:

Mama: Talaka ilitolewa 1991, lakini kesi ilianza 1989.
Karani: Vizuri sana, mama. Faili huandikwa kwa mwaka kesi ilipofunguliwa, si mwaka ilipokwisha. Na nani alileta kesi, wewe au mume?
Mama: Mume ndiye alinishtaki.
Karani: Basi tusitafute jina lako. Tutafute lake.

Karani akafungua daftari la kesi za talaka la 1989. Hakuna. Akafikiri kidogo, akachukua daftari la kesi za madai la mwaka ule ule, maana baadhi ya kesi za ndoa za kimila ziliandikwa humo. Ukurasa wa nne, jina likaonekana.

Oneni tofauti. Karani ni yule yule na faili ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari ya pili mama alibeba habari.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1: Andika unachokijua kabla ya kuondoka nyumbani.
- Majina yote ya mume na mke, pamoja na jina la ubatizo, jina la baba na jina la zamani la mke. Andika kila namna jina linavyoweza kuandikwa. Makarani wa zamani waliandika walivyosikia.
- Nambari za vitambulisho, kama zipo.
- Mahali na mwaka wa ndoa.
- Nani alifungua kesi.
- Mwaka kesi ilipofunguliwa na mwaka ilipokwisha. Kama huna uhakika, tumia kuzaliwa kwa mtoto, njaa, uchaguzi au msiba unaoukumbuka.
- Jina la wakili, kama alikuwepo.
- Mashahidi walio hai.

Hatua ya 2: Nenda masjala ya korti husika. Beba kitambulisho na nakala yake. Omba daftari la kesi litafutwe. Kama mwaka huna hakika nao, omba waangalie miaka miwili nyuma na miwili mbele. Uliza daftari la talaka na pia la kesi za madai. Ukipata nambari ya kesi, iandike papo hapo. Nambari huwa na sehemu mbili, yaani nambari yenyewe na mwaka, kwa mfano "14 ya 1989". Nambari hiyo ndiyo ufunguo wa mlango.

Kesi za siku hizi ni rahisi zaidi. Korti zilianza kupokea kesi kwa mtandao jijini Nairobi mwaka 2020, na mpango huo ukaenea nchi nzima Machi 2024. Kama kesi yako ilifunguliwa kwa mtandao, mwambie karani, au wakili wako, aitafute huko.

Hatua ya 3: Andika barua ya maombi. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi za nchi. Mfano wa barua uko hapo chini.

Hatua ya 4: Lipa na udai risiti. Kuna ada ya kusoma faili na ada ya nakala. Uliza kiasi masjalani na ulipe kwa njia ya serikali tu, ambayo siku hizi ni kwa simu kupitia eCitizen. Usimpe mtu pesa mkononi. Kama simu inakushinda, Huduma Centre watakusaidia, au kijana wa kikundi mnayemwamini.

Hatua ya 5: Kagua nakala kabla ya kutoka mlangoni. Omba nakala iliyothibitishwa, si fotokopi tupu. Iwe na muhuri wa korti, sahihi ya afisa na tarehe. Soma majina. Soma nambari ya kesi. Kama kuna kosa, sema hapo hapo.

KARATASI MBILI, USIZICHANGANYE

Hapa watu wengi wameumia, kwa hivyo someni polepole. Katika kesi nyingi za talaka korti hutoa karatasi mbili kwa nyakati tofauti. Ya kwanza ni ya muda, na juu yake huwa kuna neno "nisi". Maana yake ni kwamba korti imekubali talaka, lakini bado inangoja muda upite, pengine mtu aje na pingamizi. Ya pili ndiyo ya mwisho, nayo huwa na neno "absolute". Ndoa huwa imevunjika kabisa hii ya pili inapotolewa.

Kuna watu walipokea ya kwanza, wakafurahi au wakalia, wakaenda zao. Hawakurudi kuchukua ya pili. Miaka ishirini baadaye wanataka kufunga ndoa na Msajili anawauliza, "Ya mwisho iko wapi?" Ukikuta faili yako ina ile ya muda tu, usiifiche. Muulize karani, au wakili, namna ya kuiomba korti itoe ya mwisho.

Kesi za zamani za kimila kwa hakimu wa wilaya mara nyingi hazikuwa na karatasi hizi mbili. Humo utakuta hukumu moja. Omba nakala ya hukumu hiyo.

MFANO WA BARUA

Kwa Msajili wa Korti,
Korti ya ....................
Tarehe ....................

KUH: OMBI LA NAKALA ILIYOTHIBITISHWA YA TALAKA
Kesi nambari ........ ya mwaka ........

Mimi ...................., mwenye kitambulisho nambari ...................., nilikuwa mke/mume katika kesi iliyotajwa hapo juu kati ya .................... na ....................

Naomba faili itafutwe na nipewe nakala iliyothibitishwa ya hukumu na ya karatasi ya mwisho ya talaka. Nakala yangu ilipotea/iliharibika. Ninaihitaji kwa ajili ya ....................

Nimeambatisha nakala ya kitambulisho. Niko tayari kulipa ada inayotakiwa. Nambari yangu ya simu ni ....................

Wako mwaminifu,
.................... (sahihi au alama ya kidole)

Andika barua mbili zinazofanana. Moja ibaki masjala. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama barua ambayo haikuandikwa.

KAMA WEWE SI MUME WALA MKE

Je, mtoto anaweza kuomba talaka ya wazazi waliofariki? Anaweza kuomba, lakini itabidi aeleze sababu, kwa mfano kesi ya urithi, na aonyeshe uhusiano wake kwa cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo. Korti inaweza kumtaka aombe ruhusa kwanza. Usikasirike. Faili ya talaka ina siri za nyumba, na korti inafanya vizuri kuilinda. Nanyi katika kikundi fanyeni hivyo. Mwenzenu akiomba msaada wa kutafuta karatasi, msifanye siri yake kuwa hadithi ya sokoni.

KAMA FAILI HAIONEKANI

Mara nyingine karani atasema faili haipo. Huo si mwisho wa safari.

Kwanza, omba jibu kwa maandishi kwamba faili imetafutwa na haikuonekana. Barua hiyo itakufaa mbeleni.

Pili, omba nakala ya ule mstari wa daftari la kesi. Sheria inaruhusu faili za zamani kuharibiwa baada ya muda, lakini daftari linaweza kuwa bado lipo, na mstari mmoja unaoonyesha majina, nambari na matokeo ni ushahidi mzuri.

Tatu, mtafute yule mwenzako wa zamani, au watoto wake, kama kuna amani. Naye alipewa nakala. Mtafute pia wakili wa wakati ule, au afisi iliyorithi kazi yake. Nakala zikipatikana, korti inaweza kuombwa itengeneze faili upya.

Nne, uliza Nyaraka za Taifa kwa kesi za zamani sana.

Tano, kama ndoa ya kimila ilivunjwa na wazee tu zamani hizo, tafuta kumbukumbu za baraza la chifu, karatasi ya kurudisha mahari, na wazee walioshuhudia. Waandike kiapo mbele ya wakili au hakimu wakiwa bado hai. Kiapo si talaka, lakini ni ushahidi, na korti ndiyo itaamua uzito wake. Mzee akizikwa, ushahidi wake huzikwa naye.

Afisi ya umma ikikunyamazia, kumbuka una haki. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba habari kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisa anatakiwa kukujibu katika siku 21. Asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa ombi lake na afisa. Malalamiko juu ya korti yanaweza kupelekwa kwa Ombudsman wa Mahakama. Na kwa ushauri wa kisheria wako Kituo cha Sheria, FIDA Kenya hasa kwa akina mama, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Lakini jihadharini na wale vijana wanaosimama nje ya lango la korti wakisema, "Mama, nipe elfu kadhaa, jioni utapata karatasi." Karatasi ya namna hiyo ikifika mbele ya hakimu na daftari halina jina lako, utakuwa umeingia kesi nyingine, ya kughushi.

NA ASIYE NA TALAKA JE?

Tusiwasahau wale wa upande wa pili. Mara nyingi bwana husema, "Yule nilimfukuza kitambo, tumeachana." Au mama husema, "Nilirudi kwetu, mambo yakaisha." Kisha watu huenda kutafuta kortini na hakuna kesi, hakuna daftari, hakuna kitu.

Kukaa mbali si talaka. Hata kama ni miaka ishirini, ndoa halali ambayo haikuvunjwa bado ipo. Kwa hivyo mama aliyefukuzwa bila talaka asikubali kuambiwa hana haki yoyote. Na anayetaka kuolewa na mtu aliye "kaachana" na mkewe aombe kwanza kuiona karatasi. Si kukosa imani. Ni kujikinga, yeye na watoto watakaozaliwa.

MWISHO WA MFANO WETU

Mama yetu alirudi kwa chifu na nakala yenye muhuri. Hukumu ilionyesha kwamba talaka ilitolewa mwaka 1991, miaka mitatu kabla ya ndoa yake ya bomani. Chifu aliandika barua na jina lake likawekwa mahali pa mjane. Kesi ya urithi bado ilibidi iende kortini kama kesi nyingine zote, na shemeji bado alikuwa na maneno yake. Lakini sasa alipaswa kubishana na muhuri wa korti.

Nakala ile mama hakuirudisha sandukuni. Alitengeneza nakala tatu: moja kwa binti yake, moja kwa wakili, na moja ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati ya shamba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika eneo letu, korti ya zamani ya hakimu wa wilaya ilikuwa wapi? Faili zake zilikwenda wapi?
2. Kwa nini mama hakupata faili katika safari ya kwanza?
3. Kuna tofauti gani kati ya karatasi ya muda na karatasi ya mwisho?
4. Ni wazee gani kijijini ambao bado wanakumbuka ndoa zilizovunjwa kimila? Tunaweza kuwaandikisha viapo kabla hatujawapoteza?
5. Kikundi kinaweza kulindaje siri ya mwanachama anayetafuta karatasi hii?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama aangalie karatasi zake za nyumbani: cheti cha ndoa, talaka kama ipo, vyeti vya kuzaliwa na hati ya shamba. Aandike nambari zake katika daftari lake mwenyewe, si la kikundi, na amwonyeshe mtu mmoja anayemwamini mahali zilipo. Aliye na pengo aanze Hatua ya 1 wiki hii, wakati kumbukumbu zipo na mashahidi bado wako hai.